Mwaka Ambao Daraja Lilikataa Kuvunjika

Waanzilishi wa Chama cha Wanazuoni wa Uhandisi walikuwa watu wenye akili nyingi na wasiwasi mwingi zaidi. Walichokiogopa ni kimoja: msomi akipewa kiti cha mbele na kipaza sauti, hukawia kidogo tu kabla ya kuamini kwamba yeye ndiye anayeishikilia mbingu isianguke. Basi wakaandika katika katiba yao kifungu ambacho hakimo katika katiba ya chama kingine chochote chini ya jua. Kila mkutano mkuu wa mwaka, mwanachama mmoja atajenga daraja dogo. Daraja litalazwa juu ya meza mbili, juu yake litawekwa hori la mbao, na wanachama watamimina mchanga ndani ya hori. Aliyelijenga atakaa chini yake, juu ya kigoda, na nguo zake za mkutano. Daraja likivunjika, mchanga ukammwagikia, hapo mkutano umefunguliwa, na watu ruksa kucheka. Kabla ya hapo hakuna ajenda, hakuna hoja, hakuna kura, wala hakuna kuomba dirisha lifunguliwe.

Na dawa ilifanya kazi. Maprofesa waliotembea kama wamemeza rula walitoka chini ya zile meza na mchanga masikioni, wapole kama kondoo. Mmoja wao, wanasema, aliendelea kupiga chafya za kokoto mpaka alipostaafu.

Mwaka huo zamu ilimwangukia Katibu.

Katibu wa chama cha wasomi ni kama mama mwenye nyumba iliyojaa vifungua mimba: kila mmoja anajua kuliko mwenzake na hakuna anayeosha kikombe chake. Mwanamke huyu alifundisha elimu ya majengo chuoni asubuhi, na mchana aliandika kumbukumbu za vikao, akawabembeleza wajumbe, akawapatanisha waliogombania kiti chenye mto, akafukuza mijusi kwenye kabati la mafaili. Watu walimwambia chama kitamzeesha. Yeye alijibu kwamba kazi hiyo hata mume wake anaifanya.

Lakini mwaka huo maji yalikuwa yamefika shingoni. Mkutano mkuu ulikuwa umeshindikana mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza mchanga ulinyeshewa, wajumbe wakabishana kama mchanga uliolowa bado ni mchanga au umeshakuwa tope, mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Mara ya pili hawakutimia, kwa sababu nusu yao walikwenda kwenye kongamano la kujadili kwa nini watu hawahudhurii mikutano. Msajili wa Vyama akachoka. Akatoa nafasi ya mwisho: afisa wake atakuja kushuhudia, na kama viongozi hawatakuwa wamechaguliwa kabla ofisi hazijafungwa siku hiyo, chama kinafutwa. Kikifutwa, ukumbi wake na karakana iliyo nyuma vinarudi kwa chuo, na chuo kilikuwa kimeshapima mahali pa kuegesha magari.

Katibu ndiye aliyekwenda kwa Msajili kuiomba nafasi hiyo, na aliiomba kwa kutoa neno lake kwamba kura itapigwa. Katika karakana ile, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliona nondo ya chuma ikivutwa na mashine mpaka ikarefuka kama unga uliokandwa, ikakonda kiunoni, ikakatika kwa mlio uliomwamsha kuku wa jirani na wa jirani wa jirani. Siku ile alijua atakuwa nani. Sasa wanafunzi wake mwenyewe walikuwa wanasimama pale pale wakiwa midomo wazi, na yeye hakuwa tayari kumwona mtu anaegesha gari juu ya midomo yao.

Kwa hiyo alijenga kwa hila. Wengine hujenga daraja lisimame. La kwake lilitakiwa lianguke, tena kwa adabu: si mapema mno akaonekana hajui kazi, wala si kwa kuchelewa muda ukapita. Alipiga hesabu: hori likifika nusu, basi. Malighafi aliipata ghalani, majarida ya chama yaliyokaa miaka na kamba zake hazijafunguliwa, maana kila makala ilikuwa na wasomaji wawili, mwandishi na mkewe, na mke aliishia kwenye jina. Alizikunja kurasa ziwe mirija myembamba kama kidole, akaiunga kwa gundi pembetatu kwa pembetatu juu ya meza ya jikoni, mama yake akimsaidia kukunja.

"Na shule yote ile," mama alisema, "umerudi kukunja karatasi kama muuza karanga."

"Ni daraja, mama. Mimi nakaa chini, wao wanamimina mchanga mpaka livunjike."

"Livunjike juu ya nani?"

"Juu yangu. Ndiyo desturi yetu."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama sufuria inayovuja. Kisha akavuta ukurasa mwingine.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Feni ya dari iliyumba kwa ule mwendo wake wa kutishia watu wa safu ya tatu. Afisa wa Msajili alikaa karibu na mlango, mkoba magotini, uso mkavu kama muhuri usio na wino.

"Mimi nimekuja kuona kura," alimwambia Katibu. "Michezo mingine ni yenu. Ofisi ikifungwa, na mimi nimefunga."

"Utaiona kura, ndugu Afisa."

"Nimeletewa viapo vingi katika kazi hii, dada."

Katibu akakikalia kigoda, akarekebisha kilemba, akainamisha kichwa. Mwenyekiti ndiye aliyeshika ndoo. Wanachama walimwita Zege, akiwa hayupo, kwa kuwa alikuwa mzito, wa kijivu, na akikasirika alichukua wiki kukauka. Kando yake alisimama Mhazini, mwanamke mwembamba waliyemwita Bi Desimali, ambaye hata salamu aliikadiria.

Ndoo ya kwanza ikamiminwa. Mirija ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayekaa vizuri kitini. Ya pili, ya tatu. Watu walishaanza kutabasamu. Hori lilipokaribia nusu, Katibu alikaza mabega, akafumba macho, akafunga mdomo.

Hakuna kilichotokea.

"Ongezeni," alisema.

Wakaongeza. Nusu ikapita. Robo tatu ikakaribia. Vicheko vilivyokuwa vimeandaliwa vilianza kupoa, kama chai ya mgeni aliyechelewa.

"Bi Katibu," aliita Bi Desimali, akiinama kuchungulia, "hesabu zako zilisemaje?"

"Nusu."

"Basi hesabu zako zina jamaa zake ambao hukuwaalika."

Katibu aliinua macho. Kutoka pale alipokaa aliliona daraja jinsi ambavyo hakuna mwingine angeweza kuliona. Akatazama ncha za mirija moja baada ya nyingine. Yeye alikuwa ameagiza kila mrija ukunjwe kurasa tatu. Aliyoiona ilikuwa minene, na mwisho wa kila mmoja ukurasa ulikuwa umepinduliwa kwa ndani na kubanwa kwa kucha, hivyo hivyo mama yake alivyozoea kupindua upindo wa sare zake za shule, ili zisifumuke akiwa mbele za watu.

"Mama," alisema kwa sauti, peke yake. Kisha akaona kitu kingine: kwenye viungo, gundi ilikuwa inang'aa zaidi ya alivyoiacha. "Fundi! Fundi wa karakana yupo?"

"Nipo, dada Katibu."

"Daraja lililala karakanani jana. Uliligusa?"

Fundi akajikuna kisogo: "Nilipitisha gundi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo… kila mahali."

"Kwa nini?"

"Sasa wewe utakaa chini yake, halafu mimi nilale usingizi?"

Watu wakaangua kicheko, lakini Bi Desimali hakucheka. Alikuwa analitazama hori. "Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema polepole, "mchanga wako una kilima pembeni, juu ya meza, na shimo katikati. Tangu ndoo ya kwanza."

Zege alikohoa. Alikohoa kikohozi kirefu chenye aya na vifungu. "Ni mtoto wa watu," alisema hatimaye. "Nilimfundisha mwenyewe. Nilisema asishtuke."

Katibu angetaka kukasirika, lakini alijua na yeye yumo. Kila alipokadiria nguvu ya karatasi alikuwa ameishusha kidogo, na kila alipokadiria uzito wa mchanga alikuwa ameupandisha kidogo. Hakukusudia; mkono ulijiendea wenyewe. Huo ndio ugonjwa wa wahandisi, na hauna chanjo: mwambie ajenge kitu kianguke, naye atakiwekea akiba ya usalama ili kianguke salama. Mmoja aliweka yake, na aliyefuata akaweka juu ya ile bila kuijua, na wote walikuwa wamefanya hivyo kwa kumpenda. Mapenzi yale yalikuwa yamebanwa sasa juu ya kichwa chake, yamekauka, na yalikuwa yanaelekea kukifuta chama.

"Jazeni na katikati sasa," alisema. "Jazeni kweli."

Wakajaza kweli. Hori likafika ukingoni. Sanduku la mchanga likakwanguliwa mpaka chini. Daraja likapinda kidogo katikati, upana wa kidole, likatulia hapo.

Mjumbe mmoja wa nyuma akaropoka, "Leteni nyundo, tulipige tumalize!"

Ungedhani ametukana msibani. Ukumbi mzima ulimgeukia. "Nyundo?" "Kwenye jaribio?" "Shahada yako uliipata wapi wewe, sokoni?" Mtu yule alikaa chini, na inasemekana alipungua urefu kwa inchi nzima, hakuirudisha tena. Mwingine akapendekeza kifungu kibadilishwe. Wazo zuri, ila kubadilisha kifungu kunataka kura, na kura inataka mkutano, na mkutano unataka daraja livunjike. Wale wazee waliweka mlango wa dharura katika kila jengo walilolichora, wakasahau kuuweka kwenye katiba yao.

Basi ikaletwa mizigo mingine, kwa kuwa katiba ilisema mchanga ukiisha, wanachama wataleta kwa mikono yao chochote kilicho kizito. Yakaja majarida yaliyobaki ghalani, mafungu kwa mafungu. Ikaja minyororo ya karakana. Daraja likabeba. Likaja fuawe, lile bonge la chuma la kufulia vyuma vingine, likibebwa na madaktari wa falsafa wawili waliotokwa jasho kwa mara ya kwanza tangu wapate udaktari. Likawekwa taratibu juu ya mchanga. Daraja likaimba.

Ndiyo, liliimba. Mlio mwembamba, wa chini, uliopita kwenye mbao za meza ukaingia sakafuni, na kila aliyesimama mle aliusikia kwenye nyayo kabla ya kuusikia masikioni. Feni ilionekana kama imeacha kuyumba ili isikilize.

Hapo kelele zikaisha. Mmoja wa wazee, profesa mwenye suti ya vipande vitatu, alipiga magoti. Kisha akalala kifudifudi sakafuni, na suti yake hiyo, ili aone chini ya daraja. Wa pili akalala. Wa tatu. Muda si muda ukumbi mzima ulikuwa umelala chini kama watu wanaosubiri bomu, vichwa vyote vimeelekea kwa Katibu, na hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Walitazama juu yake. Jua la alasiri lilikuwa linapenya kati ya mirija na kuchora pembetatu kwenye nyuso zao.

"Ule mrija," alinong'ona mmoja, "ni makala yangu. Naona mchoro wangu wa tatu."

"Hongera, kaka. Ndiyo mara ya kwanza inashikilia kitu."

"Nyamaza. Tazama."

Mtu hufundisha miaka thelathini kwamba nguvu hutembea. Huchora mishale ubaoni: inashuka hapa, inagawanyika pale, inatua kwenye meza. Husema hayo mpaka maneno yanakauka mdomoni. Leo walikuwa wanaiona. Kila mrija ulitetemeka kwa zamu yake, ukampokea mwenzake, ukamkabidhi mwingine, na ule uliochoka uliegemewa kidogo tu na wa jirani usizidiwe. Karatasi! Kurasa ambazo hazikuwahi kusomwa zilikuwa zimebeba uzito wa watu wanne wazima na zilikuwa hazijamaliza. Bi Desimali alikuwa analia bila kukadiria.

Katika watu wote wale, mmoja tu ndiye aliyeikumbuka saa ya ukutani. Katibu aliitazama kupitia kati ya mirija. Akamtafuta Afisa mlangoni, hakumwona; kiti kilikuwa na mkoba peke yake. Akainama zaidi. Kisha akamwona: Afisa alikuwa amelala kifudifudi katikati ya maprofesa, shavu sakafuni, macho yamemtoka. Lakini ofisi za watu hazijui mshangao. Saa ilikuwa inakwenda, na saa ikifika, yule mtu angeamka, angejipangusa, angekuwa muhuri tena.

Palikuwa na mrija mmoja karibu na goti lake. Aliujua. Hesabu zake zote zilikutana pale. Akiusukuma kidogo kwa goti, basi, yote yanashuka. Hakuna ambaye angejua. Aliweka kiganja juu yake. Ulikuwa wa moto kidogo, na ulipiga, ulipiga polepole kama mshipa wa shingo ya mtoto aliyelala.

Akaondoa mkono.

"Mwenyekiti," aliita. Sauti yake ilisikika kubwa katika kimya kile. "Panda."

Zege aliinua kichwa kutoka sakafuni. "Nipande wapi?"

"Juu. Katiba inasema chochote kilicho kizito. Toeni fuawe, lisije likaniua. Wewe keti badala yake."

"Binti yangu, mimi ni mzito kuliko fuawe."

"Ndiyo maana nimekuita."

"Toka kwanza hapo chini."

"Nikitoka si halali. Panda, Mwalimu. Fuawe likiniangukia mtanizika. Wewe ukiniangukia, angalau utasema samahani."

Wakashusha fuawe kama wanavyoshusha jeneza. Wakaleta ngazi. Mwenyekiti akavua viatu, akavua koti, akatoa funguo mfukoni, kana kwamba funguo ndizo zilizokuwa tatizo. Alipanda akikijaribu kila kipandio kwa kidole cha mguu, mtu aliyewahi kusaini majengo ya ghorofa kwa mkono usiotikisika. Akaweka mguu mmoja kwenye mchanga. Wa pili. Akaketi.

Daraja likambeba.

Zege mwenyewe, huko juu, alishika kingo za hori, akasema kwa sauti ya mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga: "Liko hai. Jamani, linanipokea."

Kisha likaanza kushuka.

Halikukatika. Wale waliozoea mlio wa ghafla na kicheko waliungoja mlio usije. Mrija wa kati ulijikunja, polepole, ukampa wa kushoto mzigo wake. Wa kushoto ukaushikilia kadiri ulivyoweza, ukajikunja, ukaupitisha mbele. Pembetatu moja moja zililala. Lilishuka kama ngamia anayepiga magoti ili mgonjwa ateremke, na kila hatua ya kushuka kwake ilikuwa inasema, ondoka, nipo, ondoka, bado nipo. Katibu alikuwa na muda wa kutosha. Aliteleza kutoka kwenye kigoda, akalala chali sakafuni, mikono kando, na akalitazama likimjia mpaka likasimama kiganja kimoja juu ya pua yake. Hapo hori likainama upande, na mchanga ukaanza kummiminikia, mwembamba, wa vuguvugu, bila haraka.

Uso wa Zege ukatokea ukingoni, kichwa chini miguu juu.

"Samahani," alisema.

Kwa mara ya kwanza tangu chama kianzishwe, hakuna aliyecheka. Watu wazima walibaki sakafuni, wamenyamaza, wengine wameshikana mikono na watu waliokuwa hawasalimiani. Mirija iliyojikunja ilikuwa bado inalialia kidogo, ikijinyoosha. Katibu ndiye aliyevunja kimya, akitema mchanga.

"Mkutano umefunguliwa," alisema. "Ajenda ya kwanza, uchaguzi. Haraka, jamani, saa!"

Waliamka kwa vurugu. Zege, bila viatu, alipendekeza Katibu ndiye awe Mwenyekiti. Bi Desimali akaunga mkono kabla sentensi haijaisha. Afisa wa Msajili alikuwa ameshasimama mbele kama sheria ilivyomtaka, kalamu kwenye mkono wa kushoto, vumbi kwenye tai. Akatangaza kwa sauti iliyokwaruza kidogo: wanaokubali wainue mikono.

Mikono ikapanda ukumbi mzima, saa ya kufunga ikiwa bado haijafika. Katibu, mchanga ukimtiririka kwenye nyusi, alihesabu kwa ajili ya kumbukumbu, maana bado ilikuwa kazi yake. Akahesabu tena. Palikuwa na mkono mmoja zaidi ya wanachama.

"Ndugu Afisa," alimwambia kwa upole, "wewe si mwanachama. Mkono wako uko juu."

Afisa hakugeuka. Alikuwa bado anaitazama mirija ile iliyolala kati ya meza mbili.

"Najua," alijibu kwa sauti ndogo. "Nimeuambia ushuke. Haunisikii."